Binti wa Kizungu Akipotea Dunia Inasimama, Binti wa Asili Akipotea Wanasema "Atarudi Tu"

Septemba 2021, binti mmoja wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 22 aliteka intaneti nzima. Mrembo, mzungu, nywele za dhahabu, anazunguka nchi na mchumba wake kwenye gari walilolifanya nyumba, anaposti picha za milima na machweo. Mara mchumba karudi nyumbani peke yake. Hapo ndipo balaa lilipoanza. TikTok ikageuka ofisi ya upelelezi: watu wanachambua posti zake moja moja, wanahesabu siku, wanalinganisha picha. Familia moja ya YouTube ikarudia video zake za safari na kulikuta gari lao limepaki pembeni ya njia. Tarehe 19 Septemba, siku 8 tu baada ya familia kuripoti polisi, mwili wake ukapatikana kwenye msitu wa taifa katika jimbo la Wyoming.

Hakuna ubaya hata kidogo katika kumtafuta yule dada. Alistahili, na familia yake ilistahili majibu. Ishu ni jimbo lenyewe.

Januari mwaka huohuo, miezi 8 kabla, Wyoming ilikuwa imetoa ripoti yake kuhusu wenyeji wa asili waliopotea na waliouawa. Hawa ni wale ambao muvi za zamani za makauboi ziliwaita "Wahindi Wekundu", jina ambalo wengi wao hawalitaki. Ripoti ilisema kati ya 2011 na 2020, watu 710 wa asili waliripotiwa kupotea kwenye jimbo hilo moja. Zaidi ya nusu ni wanawake na mabinti. Asilimia 85 ni watoto. Wengi walipatikana, wengine ndani ya wiki moja, hilo ni kweli. Lakini asilimia 21 walikuwa bado hawajulikani walipo baada ya siku 30, wakati kwa wazungu ilikuwa asilimia 11.

Hivi mdau, uliiona ripoti hiyo ikitrendi? Kuna aliyechambua posti ya mwisho ya hata mmoja wa mabinti hao?

Ripoti ile ile ilipima hata magazeti. Mzungu akiuawa Wyoming, uwezekano wa kuandikwa gazetini ulikuwa asilimia 51. Mtu wa asili, asilimia 30. Mwanamke wa asili, asilimia 18. Maana yake kati ya wanawake 10 wa asili waliouawa, hata wawili hawatimii walioandikwa. Marehemu Gwen Ifill, mtangazaji maarufu mweusi wa Marekani, aliupa huu mchezo jina mwaka 2004: ugonjwa wa mwanamke mzungu aliyepotea. Miaka inakwenda, mitandao imebadilika, ugonjwa ni uleule.

Na aliyelisema vizuri kuliko wote ni baba mzazi wa yule dada wa Wyoming. Akiwa bado na msiba mbichi, aliwaambia waandishi kwamba juhudi kama zile zinatakiwa zifanyike kwa kila anayepotea, si kwa mwanaye peke yake. Mfiwa aliona kitu ambacho mamilioni ya wachambuzi wa mitandaoni hawakukiona.

BARABARA YENYE JINA LA MACHOZI

Panda juu kidogo, vuka mpaka uingie Kanada. Kuna barabara inaitwa Highway 16, kipande cha kilomita 720 hivi kutoka Prince George hadi Prince Rupert, kaskazini mwa jimbo la British Columbia. Misitu kushoto, misitu kulia, simu kwa miaka mingi ilikosa mtandao sehemu nyingi, vijiji vya wenyeji vimetawanyika njiani. Watu wanaiita Barabara ya Machozi.

Mabinti wa kule hawakuwa wanasimama barabarani kuomba lifti kwa sababu wanapenda vituko. Walikuwa hawana gari na hakuna basi. Kama unataka kwenda kliniki, shule, kazini, au kumuona bibi yako mji wa pili, unanyoosha kidole gumba na kuomba Mungu dereva awe mtu mzuri. Na kuna madereva hawakuwa watu wazuri.

Polisi wa taifa wa Kanada, RCMP, walianzisha kikosi maalumu mwaka 2005 kuchunguza kesi za barabara hiyo na nyingine za jirani. Kwenye orodha yao kuna wanawake na mabinti 18, wa kwanza mwaka 1969, wa mwisho mwaka 2006. Familia na viongozi wa wenyeji wanasema namba halisi inazidi 40. Na kumbuka hili: mwaka 2002 alipotea kwenye barabara hiyo dada mmoja mzungu wa miaka 25 aliyekuwa kwenye kibarua cha kupanda miti. Hapo ndipo vyombo vikubwa vya habari vilipoanza kuitazama Highway 16 kwa macho mawili. Mabinti wa asili walikuwa wanapotea pale kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa sikia hii. Mwaka 2006 familia na viongozi walikutana Prince George wakatoa mapendekezo yao. Moja lilikuwa rahisi kuliko yote: wekeni basi. Si helikopta, si satelaiti. Basi. Mabasi ya umma ya kuunganisha vijiji hivyo yalianza mwaka 2017. Miaka 11! Ukitaka kujua serikali inamthamini nani, usisikilize hotuba. Hesabu miaka ambayo basi lilichukua kufika.

NENO MOJA LINAFUNGA FAILI

Mtu anaweza kuuliza: polisi walikuwa wapi? Walikuwepo. Shida ilianzia kwenye neno la kwanza lililoandikwa kwenye faili. "Ametoroka nyumbani." "Mlevi." "Anajiuza." "Ni wa kuhamahama, atarudi tu." Neno kama hilo likishaandikwa, hakuna anayekimbia tena. Saa 48 za kwanza, ambazo ndizo za dhahabu, zinaisha familia ikiwa bado inabishana na mtu wa kaunta.

Vancouver walilipia neno hilo kwa damu. Kwa miaka, wanawake walikuwa wanapotea kwenye mitaa ya Downtown Eastside, wengi wao wa asili, wengi wakiishi maisha magumu ya mtaani. Ndugu zao wakapiga kelele, wakaambiwa hawa watu huwa wanahama. Mfugaji mmoja wa nguruwe alikuja kukutwa na hatia ya kuua 6 kati yao mwaka 2007, na alikuwa ameshtakiwa kwa vifo 26. Tume iliyochunguza kazi ya polisi ilitoa ripoti mwaka 2012 na kusema wazi kwamba wanawake hao walitelekezwa.

Winnipeg nako ni hivyohivyo. Agosti 2014 mwili wa binti wa miaka 15 ulitolewa kwenye Mto Red. Alikuwa chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii, na alikuwa ameripotiwa kupotea. Siku kadhaa kabla, polisi walisimamisha gari alilokuwamo, wakazungumza naye, kisha wakaachana naye. Aliyeshtakiwa kwa kifo chake aliachiwa huru mwaka 2018. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Mwaka huohuo wa 2014, watu wa mji huo wakaamua kutosubiri: wakachukua boti, kamba na ndoano, wakaanza kuuburuza mto wenyewe wakitafuta ndugu zao. Fikiria. Wananchi wa moja ya nchi tajiri duniani wanafanya kazi ya upelelezi kwa ndoano.

Kisha 2022, mji uleule. Wanawake wanne wa asili wanauawa na mtu mmoja. Polisi wanasema wanaamini miili ya wawili ipo kwenye dampo la taka nje ya mji, ila hawatalichimba, ni hatari na ni vigumu. Ripoti ya wataalamu inakuja na makadirio: inaweza kufika dola milioni 184 za Kanada na kuchukua hadi miaka mitatu. Serikali ya jimbo ikakataa. Si kukataa tu, chama tawala kikaligeuza dampo kuwa tangazo la kampeni za uchaguzi wa Oktoba 2023, kikijisifu kwa kusimama imara dhidi ya uchimbaji. Mabinti wa marehemu walikuwa wanapita barabarani wanaona mabango hayo.

Chama hicho kilishindwa. Akaingia Wab Kinew, kiongozi wa kwanza kutoka Mataifa ya Kwanza kuongoza jimbo hilo, na dampo likachimbwa. Muuaji alihukumiwa Julai 2024. Uchimbaji wenyewe ulianza Desemba 2024. Februari 2025 mabaki ya kwanza yalipatikana, na mwezi uliofuata ikathibitishwa kwamba ni ya wanawake wote wawili waliokuwa wakitafutwa. Ilichukua miezi, si miaka mitatu. Kumbe iliwezekana.

"LAKINI KESI NYINGI ZINATATULIWA"

Kuna hoja inayorushwa kila mjadala huu ukianza, na haifai kukwepwa. Mwaka 2014 RCMP walitoa hesabu ya nchi nzima: kati ya 1980 na 2012 walikuta kesi 1,181 za wanawake wa asili, 1,017 zikiwa za mauaji na 164 za kupotea. Wakasema karibu asilimia 90 ya mauaji hayo yalitatuliwa, karibu sawa na ya wanawake wengine, na kwamba mara nyingi aliyeua alikuwa mtu anayefahamika kwa marehemu. Basi wengine wakadaka hapo: si mnaona, hakuna ubaguzi, ni mambo ya majumbani.

Taratibu. Kwanza, wanawake wa asili walikuwa asilimia 4.3 ya wanawake wote Kanada lakini asilimia 16 ya wanawake waliouawa. Hata kama kila kesi ingetatuliwa kesho asubuhi, bado wanauawa mara nne ya idadi yao. Pili, ripoti hiyohiyo ilikubali kuna kesi 225 zisizo na majibu. Hizo ni familia 225 ambazo kila simu ikilia usiku zinashtuka.

Tatu, na hapa ndipo penye kitendawili chenyewe: asilimia ya kutatua inahesabu vifo ambavyo polisi wenyewe wameviita mauaji. Binti aliyekutwa mtoni ikaandikwa "ajali" hayumo. Aliyekutwa kwenye theluji ikaandikwa "pombe" hayumo. Aliyeandikwa "amejiua" huku mama yake akiapa haiwezekani, hayumo. Ukiruhusiwa kuchagua maswali ya mtihani wako mwenyewe, kufaulu si kazi.

Marekani ni afadhali? Mwaka 2016 kulikuwa na taarifa 5,712 za wanawake na mabinti wa asili waliopotea kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za uhalifu. Kwenye kanzidata nyingine ya watu waliopotea, ya wizara ya sheria ya nchi hiyohiyo, waliingizwa 116. Siyo makosa ya kuchapa. Ndivyo Taasisi ya Afya ya Wenyeji wa Mijini yenye makao Seattle ilivyokuta katika ripoti yake ya 2018.

Na kuna mtego wa sheria. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za makabila haziwezi kumshtaki mtu asiye mwenyeji, hata akitenda kosa ndani ya ardhi yao. Kwa hiyo kosa likitokea, swali la kwanza linakuwa aliyetenda ni wa kabila gani, aliyetendewa ni wa kabila gani, ardhi ni ya nani, na je, hii ni ya polisi wa kabila, wa kaunti, wa jimbo au FBI. Wakati wakubwa wanasukumiana faili, mvua inanyesha juu ya ushahidi. Bunge lililegeza kidogo mwaka 2013 kwa ukatili wa majumbani, likaongeza 2022 kwa makosa kama ubakaji na usafirishaji wa watu. Ila adhabu ya mahakama hizo bado ina dari: miaka 3 kwa kosa moja.

MUUAJI ANA JINA, MAREHEMU HANA

Sasa turudi mtandaoni, maana hapa ndipo mdau anapohusika. Stori za mauaji ni biashara kubwa. Podikasti, siriz, video za dada anajipodoa huku anasimulia alivyochinjwa mtu. Watu wanasikiliza wakiwa kwenye foleni, wakipika, wakiwa jim. Na ukiwauliza mashabiki, yule mfugaji wa nguruwe wa Vancouver wanamjua jina, sura, hata mpangilio wa shamba lake. Waulize jina la mwanamke mmoja tu kati ya wale 26. Kimya.

Hiyo ndiyo kasoro. Muuaji anapewa ustaa, marehemu anapewa namba.

Inawezekana kufanya tofauti, na wapo walioonyesha. Connie Walker, mwandishi wa jamii ya Cree, alianza mwaka 2016 na podikasti kuhusu binti aliyeuawa mwaka 1989 kwenye Barabara ya Machozi. Hakuishia kwa muuaji. Aliipa familia nafasi: alikuwa nani, na ameacha nani. Akaeleza pia kilichotangulia: shule za bweni ambako watoto wa asili walipelekwa kwa nguvu wakakatazwa lugha zao, ya mwisho ikifungwa miaka ya 1990, na watoto walionyang'anywa kwa wazazi wakagawiwa kwa familia za kizungu. Kazi yake nyingine, kuhusu shule hizo, ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2023. Kwa hiyo ile habari ya kusema "hadhira haitaki hizi stori" ni uongo wa wavivu.

Wanawake wenyewe wa asili hawakusubiri ruhusa ya mtu. Msanii Jaime Black alianza mwaka 2010 kutundika magauni mekundu matupu, yakipepea bila mwili ndani, na leo tarehe 5 Mei inajulikana kama siku ya Gauni Jekundu. Mwaka 2019 mwanariadha mmoja wa asili alikimbia mbio za marathoni za Boston akiwa amechora kiganja chekundu juu ya mdomo wake, alama ya waliozibwa midomo. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo, tume ya taifa ya Kanada ilitoa ripoti yake ya mwisho ikiwa na wito wa haki 231, na ikatumia neno zito: mauaji ya kimbari. Waziri Mkuu wa wakati ule alilikubali neno hilo. Utekelezaji, familia zinasema, unakwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Kuna yanayosogea. Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza Marekani, 2022, kuweka tahadhari maalumu inayotumwa mtu wa asili anapopotea, California ikafuata. Hii ni teknolojia ileile ya kutuma ujumbe, kilichobadilika ni nani anaonekana anastahili kutumiwa ujumbe.

Na hicho ndicho kitu ambacho mtu mwenye simu tu anaweza kukibadilisha, popote alipo. Kesi ya Wyoming ilithibitisha kwamba umati wa mtandaoni una nguvu: video ya watu wasiohusika kabisa ilisaidia kuonyesha gari lilipokuwa. Kwa hiyo kisingizio cha "sisi ni watazamaji tu" kimekufa. Kama mnaweza kupaisha sura moja ikafika kila bara ndani ya siku tatu, mnaweza kupaisha mbili.

Kuanzia wapi? Tafuta kurasa za familia na makundi ya wenyeji, si za wachambuzi wanaotafuta kiki. Ukisambaza, sambaza picha na jina lake akiwa anatabasamu, si picha ya aliyemuua. Na pale chini, kwenye komenti, kabla hujaandika "alikuwa anafanya nini barabarani usiku", kumbuka hilo ndilo neno la kwanza lililoandikwa kwenye yale mafaili. Askari wa kaunta aliandika kwa kalamu, wewe unaandika kwa dole gumba. Matokeo ni yaleyale: mtu mmoja anaacha kutafutwa.

Alikuwa anafanya nini barabarani? Alikuwa anakwenda kwa bibi yake. Na basi lilikuwa bado halijaja.